Mbwa si wangu, bili ni yangu: yaliyonikuta kliniki ya wanyama

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mashine yao ya picha, si ya binadamu yeyote niliyemkuta pale. Jina la kliniki silitaji, sina hela ya wakili.

Nianze na mbwa mwenyewe. Nina saluni ya kontena Tabata Kimanga, na nyuma ya kontena kuna kauchochoro kabla hujafika ukuta wa jirani. Mvua zilipoanza anza, mbwa jike akahamia pale. Kahawia, sikio moja limechanika, mkia kaufyata muda wote. Mimi nikasema huyu kanona. Kanona kwa kula nini, jamani? Mbavu unazihesabu moja moja, tumbo peke yake ndilo limejaa. Mteja niliyekuwa namsuka akachungulia dirishani akacheka: "Dada, huyo mzazi huyo. Hebu ona chuchu." Kweli, zilikuwa zimevimba, nyekundu kama zimepakwa rangi ya kucha.

Sikumgusa. Hili nawaandikia wenzangu wenye huruma za haraka haraka. Mbwa usiyemjua, ana njaa, ana mimba, kajibanza kwenye kona, anaweza kukung'ata bila ubaya wowote moyoni mwake, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Ukiumwa ni sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo, usisubiri kesho. Kwa hiyo mimi nilirusha dagaa. Siku ya kwanza mbali, siku ya pili karibu kidogo, mpaka akawa anakula miguuni pangu.

Maji aliletewa na Ustaadhi wa duka la pembeni, kwenye kopo la mafuta alilolikata kwa kisu. Yeye mbwa hamgusi, ana udhu wake wa kuulinda, lakini kila baada ya alasiri ukienda nyuma unakuta kopo limejaa. Nilipomshukuru akaniambia kuna mwanamke wa zamani alisamehewa madhambi yake kwa kumtekea mbwa maji kwa kiatu. "Mimi nina kopo zima," akasema, akarudi kupima sukari yake.

Kabla ya kliniki nilimtafuta mwenye mbwa, maana si kila anayezurura ni koko. Wengine wamekimbia fataki, wengine mpangaji kahama kawaacha getini. Mjumbe hamfahamu. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa niliweka picha, nikapata vicheko, na mmoja akashauri waitwe watu wa jiji waje wampige risasi. Huyo namsuka kila mwisho wa mwezi. Tutaonana.

Sasa safari. Bajaji ya kwanza ikaondoka nikiwa bado naongea. Ya pili akasema kiti chake kipya. Wa tatu akakubali kwa nauli mara mbili na nitandike salfeti. Nikamfunga mbwa kwa mtandio wangu wa zamani, akapanda, akaweka kichwa kwenye paja langu kama tumekua naye. Nikawa nimeshampa jina kabla hatujafika barabara ya lami: Mgeni. Naomba mkumbuke nilikuwa nakwenda pale kwa furaha.

Dada wa mapokezi alikuwa na simu mkononi.

"Mwenye mbwa ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemleta."

"Sijauliza nani kamleta. Mwenye mbwa."

"Hana mwenyewe, nimemwokota."

Akainua macho, si kwangu, kwa mbwa. "Aa. Koko. Huyo asubiri nje."

Nje kuna jua na changarawe. Ndani, chini ya feni, alikuwepo mbwa mweupe wa manyoya, kakaa juu ya mapaja ya mama mmoja kama mtoto wa kipaimara. Nikauliza, na yule? "Yule ana faili." Basi nifungulie na mimi faili! Akafungua kwa kupumua kwa nguvu, akachukua kadi, akaandika kwa wino. Jina la mnyama: KOKO. Aina: KOKO. Nikamwambia anaitwa Mgeni. Akasema, "Nimeshaandika."

Mpaka leo kadi hiyo nikiiona damu inanipanda. Jamani, hata mtoto akizaliwa bila baba anaandikwa jina!

(Baadaye nimeelezwa kwamba mbwa wa mtaani asiye na chanjo kuwekwa mbali na wengine ni kitu cha maana, kwa sababu anaweza kuwa na parvo au magonjwa mengine ya kuambukiza watoto wa mbwa wa watu. Sawa. Nimekubali. Angesema hivyo basi, sentensi moja tu! Si "aa, koko".)

Halafu, mbele ya watu, kwa sauti ile ile ambayo mtu anakuuliza soda ya baridi au ya moto: "Unataka zitolewe?" Nikashindwa kujibu. Mama mwenye mbwa mweupe akageuka kuniangalia kana kwamba mimi ndiye mwenye mimba. Na hapa niwe mkweli, swali lenyewe halikuwa la kijinga. Madaktari wanaweza kumfunga kizazi mbwa hata akiwa na mimba, na kwa mji huu wenye vitoto vya mbwa visivyo na pa kwenda, wapo wanaochagua hivyo, sitawahukumu. Ila unamwuliza mtu pembeni. Tena kabla hata hatujajua kama ana mimba! Maana tumbo la mbwa lina mengi: minyoo inalijaza, kizazi kikijaa usaha kinalijaza, na kuna mimba ya uongo kabisa, mbwa anatoa maziwa na kukusanya matambara kulalia ilhali ndani hakuna kitu.

Daktari ni mzee. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Lakini mikono yake, mweeh. Mgeni alikuwa anatetemeka mezani mpaka kucha zinagonga bati, yule mzee akamwekea kiganja kifuani, akakaa nacho tu pale mpaka kucha zikanyamaza. Ndipo akapeleka vidole chini ya tumbo taratibu, kama anatafuta sarafu ndani ya unga. Akatazama ufizi, akapima joto, akasema maneno matatu: "Watoto. Apigwe picha." Akatoka.

Picha ilikula hela yangu ya kodi ya kontena. Lakini nilipoiona nilisahau. Vitoto vimepangana, uti wa mgongo wa kila kimoja kama kitana cha meno madogo. Daktari akavipitia na ncha ya kalamu: "Unahesabu vichwa, miguu itakudanganya. Sita." Mifupa ikionekana hivi, akasema, mimba imeshavuka siku 45, na mbwa anabeba siku 63 hivi. Kama ni changa zaidi picha haionyeshi kitu, hapo ni ultrasaundi, nayo inaona kuanzia wiki ya nne. Nikataka kuuliza mengine. Chakula? Vidonge vya kalsiamu, maana jirani kaniambia nimpe? "Kalsiamu usimpe." Kwa nini, daktari? Keshaingia chumba kingine.

Nikarudi mapokezi, nikalipa, nikaondoka na mbwa aliyeandikwa Koko.

Majibu yangu nilikuja kuyapata bure kwa bwana mifugo wa kata, kijana wa pikipiki, raba zimejaa tope. Nilimpata kupitia ofisi ya serikali ya mtaa. Alichuchumaa nyuma ya kontena nusu saa nzima. Kalsiamu, akanieleza, ukimpa kabla ya kuzaa mwili unazoea kuletewa, unaacha kujitolea wenyewe kwenye mifupa. Siku maziwa yakianza kunyonywa kwa nguvu inapungua ghafla kwenye damu, mbwa anaanza kutetemeka na kukakamaa, na anaweza kufa. Nimpe chakula kingi chenye samaki au nyama, na wiki za mwisho mara nyingi kidogo kidogo, kwa sababu tumbo la chakula limebanwa. Dawa ya minyoo ipo ya wajawazito na ipo isiyowafaa, nisinunue kwa kuonyeshwa kidole dukani. Nipime joto lake asubuhi na jioni: kawaida ni 38 na kitu, likishuka chini ya 37 na nusu, ndani ya siku moja hivi anazaa. Huyo kijana nyota tano, na hata kliniki hana.

Nikatafuta boksi la friji, nikalikata mlango, nikatandika taulo kuukuu za saluni. Yeye akachimba shimo chini ya kontena. Tukabishana siku tatu, yeye mchanga, mimi taulo.

Jumatano moja jioni kipimajoto kikasoma 36.9. Akagoma kula, akahema, akaingia mwenyewe kwenye boksi. Saa nne usiku akatoka wa kwanza. Sikufanya chochote, nilikaa tu na tochi ya simu. Mama alirarua kifuko, akakata kitovu, akalamba mpaka kikalia. Wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano saa nane kasoro. Halafu basi. Mgeni akalaza kichwa, akafumba macho.

Kama nisingekuwa na ile picha ningekwenda kulala. Nisingejua. Lakini daktari alihesabu sita.

Nikapiga namba iliyo kwenye kadi bila matumaini, kwani ni nani atapokea saa tisa usiku? Ikapokelewa. Sauti nikaijua hapo hapo, yule yule dada wa mapokezi, wa usingizini.

"Samahani dada, mimi ni yule wa mbwa wa..."

"Koko. Sita. Wametoka wangapi?"

Nilikaa chini.

"Watano."

"Wa mwisho saa ngapi? Anasukuma? Kuna uchafu wa kijani?" Upo, nikasema, kidogo. "Wengine wameshatoka, usiogope, ungetoka kabla ya wa kwanza ndiyo ningekuambia njoo sasa hivi. Waache wanyonye, kunyonya kunavuta kizazi. Msimamishe atembee kidogo. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au saa mbili zikipita tangu wa tano, mlete, daktari nitamwamsha mimi." Hakukata simu. Nilimsikia anajimiminia maji, mlango unafungwa, jogoo wa kwao anawika.

Nikamtembeza Mgeni kwenye uchochoro, kwenye matope, na mtandio wangu. Akachuchumaa pale kwenye shimo lake la mchanga, akasukuma mara tatu. Wa sita akatoka hapumui. Nikamfuta pua, nikamsugua mgongo kwa taulo kama nilivyoelekezwa, kichwa chini, nikasugua mpaka mikono ikafa ganzi, dada kwenye simu anasema endelea, endelea. Mwisho akasema, "Basi, mpenzi. Pole. Rudi kwa watano."

Alisema mpenzi. Yule yule!

Kwa hiyo nyota ngapi? Usiku ule ningewapa tano na ningeongeza ya kwangu mfukoni. Wa sita Ustaadhi alimchimbia mahali asubuhi, hakuuliza kitu, akanawa akaenda zake.

Lakini ngoja. Kesho yake tu mchana ikaingia meseji: "Mteja wetu mpendwa, KOKO anakumbushwa dawa ya minyoo na watoto wake 6." Sita. Nikarusha simu kwenye beseni la rola. Mashine inajituma yenyewe, najua, lakini mtu aliyekuwa na mimi kwenye simu usiku mzima si angefuta hiyo namba? Mteja aliyekuwa chini ya draya alidhani nimefiwa.

Watoto watano wapo. Macho yalifumbuka karibu wiki mbili, sasa wanatafuna nyaya za draya. Wawili wameshapata watu, mmoja akiwa yule wa risasi, sitaki kusema zaidi. Mama yao akimaliza kunyonyesha anafungwa kizazi, nimeshaanza kuweka hela. Na ndiyo, atafungiwa pale pale, kwa sababu mikono ya yule mzee sijaiona kwingine.

Juzi nilikwenda kuchukua dawa ya minyoo ya watoto. Dada yupo, simu mkononi. Akaniuliza bila kuinua macho, "Koko hajambo?" Nikasema hajambo. Nikaona nafasi ndiyo hiyo, nikaitoa kadi, nikamwomba kwa adabu zote anibadilishie jina liwe Mgeni, na pale kwenye sita aandike watano.

"Kubadili jina ni kufungua faili upya," akasema. "5,000."

Nyota mbili.