Vidonge vya Kujaza Misuli Vinavyouzwa Lubumbashi: Kwa Nini Sivipendekezi

Bidhaa ninayoizungumzia ni kichupa cheupe cha plastiki ambacho vijana wa kumbi za mazoezi za Kamalondo na Kenya, komuni mbili za hapa Lubumbashi, huuziana mkono kwa mkono, kikisifiwa kwamba kitajaza kifua kabla mvua hazijaisha. Lebo inataja vidonge 100, kila kimoja chenye miligramu 10 za metandienoni, yaani steroidi ya kujenga misuli iliyotokana na homoni ya kiume. Ndani hamna karatasi ya maelezo, nje hakuna anwani ya kiwanda, na tarehe ya kuisha muda inafutika ukiipitishia kidole kilicholowa. Kwangu mimi ninayefundisha mazoezi, hayo peke yake yanatosha kukikataa.

Dawa yenyewe si ngeni: kampuni ya Ciba ya Uswisi iliiingiza sokoni Marekani mwaka 1958 kama vidonge vyenye jina la Dianabol, na ni kweli kwamba vinaongeza misuli. Tatizo limo katika jinsi vilivyotengenezwa. Homoni ya kiume ya kawaida ikimezwa, sehemu kubwa huvunjwavunjwa na ini kabla haijasambaa mwilini. Kwa hiyo wataalamu waliibadilisha sehemu moja ya molekuli yake, iitwayo kaboni ya 17, ili ini lishindwe kuivunja upesi. Badiliko hilo linaloiwezesha kufanya kazi kwa kumezwa ndilo pia linaloliumiza ini, kwa kuwa nyongo hukwama humo badala ya kuteremka utumboni.

Dalili mara nyingi hujitokeza baada ya mwezi mmoja hadi minne. Mtu hukosa hamu ya kula, huwashwa mwili mzima hata usingizi humpaa, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka, kisha macho yanageuka manjano. Hapa kwetu wengi hudhani ni malaria na kumeza dawa nyingine juu yake, jambo linalonisikitisha sana, kwa sababu siku za kuokoa ini zinapita bure. Wanaotumia kwa muda mrefu wanaweza kupata vifuko vya damu ndani ya ini, ambavyo vikipasuka huleta kutokwa na damu kwa hatari, au uvimbe, na wakati mwingine saratani.

Muuzaji hutoa pia unga wa mitishamba wa «kusafisha ini». Msiununue mkidhani utawapa usalama: hauondoi sumu inayoendelea kuingia kila asubuhi. Pombe baada ya mazoezi, parasetamoli inayozidi kipimo kwa ajili ya maumivu ya misuli, au homa ya ini aina ya B ambayo mtu hajui kama anayo, vyote humwongezea mzigo.

Anayeitumia tayari aache, aende hospitali au labo akapimwe bilirubini (ile rangi inayofanya macho yawe manjano) na vimeng'enya vya ini, na abebe kichupa chenyewe ili daktari akione. Mara nyingi ini hupona baada ya kuacha, ingawa inaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Lakini aliyeandikiwa prednisoloni kwa pumu au ugonjwa wa viungo asichanganye mambo: hiyo ni steroidi ya jamii nyingine, na kuikatiza ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu ni hatari, hivyo azungumze kwanza na daktari aliyemwandikia.