Kujisajili kuwa mpigakura Kenya: uzoefu wangu wa kuhamisha kura na kumsindikiza mpwa wangu

Mimi nilisajiliwa mwaka 2012, wakati mashine za BVR za kuchukua alama za vidole zilipoanza kutumika nchini. Juzi nilikwenda kuhamisha kura yangu kutoka Kakamega nije nipigie Nakuru, ninakoishi na kulea watoto. Nilifuatana na mpwa wangu aliyetimiza miaka 18 na kupata kitambulisho chake cha kwanza. Naandika haya kwa ajili ya wanaositasita, maana nimeona kwamba ile meza ya usajili, ambayo watu wengi wanaihofia, ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Uzito uko kwenye mambo mawili yanayotangulia: kitambulisho, na kuamua kura yako itakaa wapi.

Nianze na hiyo meza. Karani alikichukua kitambulisho cha mpwa wangu, akakitazama mbele na nyuma, akajaza Fomu A, kisha akamuuliza anataka kupigia kura kituo gani. Baadaye picha, halafu vidole: vinne vya mkono mmoja vinalazwa pamoja kwenye kioo, vinne vya mkono wa pili, kisha gumba zote mbili. Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja anayechonga mawe kwenye machimbo, na vidole vyake vilikuwa vimelika hata mistari haionekani vizuri. Mashine ikakataa. Karani akalowesha kitambaa, akampangusa kidole baada ya kidole, akamwambia, "Mzee, bonyeza taratibu, usitelezeshe." Akarudia bila kununa mpaka ikakubali. Ningekuwa na uwezo wa kumpa yule karani nyota, ningempa zote.

Hakuna malipo yoyote. Mwishoni unapewa karatasi ndogo ya kuthibitisha kwamba umesajiliwa, uitunze. Kadi ya mpigakura kama zile za zamani haipo tena. Siku ya kura unakwenda na hati ileile uliyojisajilia. Ukijisajili kwa kitambulisho, nenda na kitambulisho. Ukijisajili kwa pasipoti, nenda na pasipoti.

Sasa nani anaruhusiwa? Kifungu cha 83 cha Katiba ya 2010 ni kifupi mno, na natamani kingebandikwa kwenye kila duka. Uwe raia mtu mzima, yaani umetimiza miaka 18. Usiwe umetangazwa kuwa na akili isiyo timamu. Usiwe umepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano iliyopita. Basi. Kifungu hichohicho kinaendelea kusema kwamba mipango ya usajili iwekwe ili kumrahisishia mwenye haki apige kura, wala isimnyime.

Linganisha hayo na niliyoyasikia kwenye foleni ileile. Kijana mmoja alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba mtu aliyeorodheshwa CRB, yaani kwenye orodha ya wasiolipa mikopo, kwa deni la mkopo wa simu hawezi kusajiliwa. Uongo, deni halimo popote katika masharti hayo. Mama mwingine alidhani kwamba kwa kuwa hajui kusoma atarudishwa. Hakuna sharti la kusoma, na siku ya kura mtu anayehitaji msaada anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini. Jamaa mwingine alifungwa zamani kwa wizi, akatumikia, akatoka, na tangu hapo hajawahi kupiga kura kwa kuamini kwamba amekatazwa maisha. Kosa linalozuia ni la uchaguzi peke yake, na hilo nalo lina kikomo cha miaka mitano. Hata walio gerezani walipiga kura ya urais mwaka 2017. Nilimwona yule jamaa akisimama kimya baada ya kuelezwa, na nikaumia kufikiria chaguzi zote zilizompita kwa sababu ya neno la mtu asiyejua.

Kuhusu uraia ni vyema kuwa makini. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkenya hawi raia kwa ndoa tu. Anaruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, na mpaka apewe hawezi kusajiliwa hata kama ameishi hapa na kulipa kodi. Kwa upande mwingine, Mkenya wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa nchi nyingine hapotezi uraia wake wa hapa, na haki ya kura anabaki nayo. Walio ughaibuni husajiliwa katika vituo vilivyoteuliwa nje ya nchi, na hadi uchaguzi wa 2022 walikuwa wakipiga kura ya urais tu.

Nikija kwenye kitambulisho, hapa ndipo vijana wanapokwama. Sheria ya Uchaguzi inataka kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya. Ile karatasi ya kusubiria kitambulisho haikubaliki, hata uilie machozi. Mpwa wangu aliisubiri kadi yake kwa muda mrefu, na rafiki zake wawili bado wanasubiri. Watu husema vijana hawapendi kura, na ni kweli kwamba waliosajiliwa 2022 walizidi milioni 22 huku idadi ya vijana miongoni mwao ikishuka ikilinganishwa na 2017. Lakini kabla ya kuwalaumu, tuulize wangapi walikuwa na kadi mkononi. Vijana wa Garissa, Wajir na Mandera walipitishwa kwa miongo mingi mbele ya kamati za kuwachuja kabla ya kupewa kitambulisho, utaratibu ambao serikali ilitangaza kuufuta mwaka 2025. Mlango wa kura hufungukia pale kwenye kitambulisho. Mzazi mwenye mtoto anayekaribia miaka 18, anza kumkusanyia cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vyenu sasa.

Jihadharini pia na wajanja. Katika saiba moja, yaani duka la intaneti, mpwa wangu aliambiwa atoe shilingi 200 "asajiliwe mtandaoni." Mtu anayejisajili kwa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe, kwa sababu vidole vyake ndivyo vinavyohitajika. Anayekuuzia usajili wa mtandaoni anakuibia.

Jambo ninalotaka kulikazia zaidi ni kituo. Katiba inakuruhusu kusajiliwa katika kituo kimoja tu, na kujisajili mara mbili ni kosa la jinai. Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Ya urais ni moja nchi nzima. Zile tano nyingine zinafuata kituo chako. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikiwachagulia MCA watu wa kijiji ninachokizuru Disemba, huku barabara ninayokanyaga kila asubuhi, zahanati ninayopeleka watoto na soko ninalonunulia mboga vikiamuliwa na watu ambao sina sauti juu yao. Wengi wetu tunaoishi mijini tuko hivyo. Tunapanga kusafiri nyumbani kupiga kura, nauli inapanda, mwajiri anakataa kutoa ruhusa, na kura inalala.

Sisemi kila mtu ahamishe. Mwenye shamba nyumbani, wazazi huko, na moyo wake huko, ana sababu zake na naziheshimu. Ila uamuzi uwe wako. Nilisikitika kusikia kwamba kuna watu wanaokusanywa kwa matatu na kupewa pesa kidogo wakasajiliwe wadi ambayo hawaishi, kwa manufaa ya mtu anayetaka kiti. Ukikubali hilo, umeuza sauti tano kwa miaka mitano.

Uhamisho wenyewe ulikuwa rahisi. Unakwenda katika ofisi ya Tume ya Uchaguzi (IEBC) ya eneobunge unalohamia, si kule unakotoka, ukiwa na kitambulisho chako halisi. Sikulazimika kurudi Kakamega. Unajaza fomu ya uhamisho, unataja kituo kipya, na karani anaingiza kwenye mfumo. Aliyekwisha kusajiliwa na hajahama hana haja ya kujisajili upya. Sajili ni endelevu.

Tarehe sasa. Katiba inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Sheria inataka ombi la uhamisho liwasilishwe angalau siku 90 kabla, maana yake kabla ya katikati ya Mei 2027. Usajili mpya hauruhusiwi katika siku 60 za mwisho, na kazi inaweza kusimamishwa mapema zaidi ili sajili ikaguliwe. Pia eneo lenye uchaguzi mdogo husimamisha usajili mpaka uchaguzi huo upite. Foleni ya mwisho huwa ndefu kupita kiasi, na watu hukata tamaa wakiwa wamebakiza hatua chache kufika mezani. Nendeni sasa ambapo hakuna msongamano.

Ukishapewa ile karatasi, usiikunje haraka. Soma jina lako herufi kwa herufi, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na jina la kituo, ukiwa bado umesimama mbele ya karani. Kosa la herufi moja linarekebishwa palepale kwa dakika chache, lakini likigunduliwa asubuhi ya kura hakuna wa kulirekebisha. Baadaye, sajili itakapofunguliwa kwa ukaguzi kabla ya uchaguzi, rudi uhakikishe tena kwamba jina lipo na liko kwenye kituo ulichochagua. Mpwa wangu ameshaipiga picha karatasi yake na kuituma kwenye kundi la wenzake waliomaliza shule pamoja, na watatu kati yao wameniuliza ofisi iko upande gani.