Jiko zuri, wavu wa kuku, na kijana aliyetaka kuongea na mume wangu

"Mama, mlete mzee nimwelekeze."

Hayo niliambiwa katika duka moja la vyombo hapa Nakuru mjini, nimesimama mbele ya meza yao, mkononi wavu ulioungua wa jiko la kuchomea nyama nililonunua kwao, na risiti mkobani. Duka silitaji. Wakisoma watajijua.

Ninachoma nyama tangu nikiwa wa kutumwa kiberiti. Marehemu baba alizaa wasichana watupu, kwa hivyo kazi ambayo kwingine hupewa vijana ilinifikia mimi, pale nyuma ya nyumba Njoro, kwenye nusu pipa lililokatwa kwa patasi na kuwekewa miguu ya vyuma vya kitanda. Nilijua mapema kwamba makaa hayapewi nyama mpaka yavae majivu meupe. Mwali ukiruka, ngoja. Makaa yasukumwe upande mmoja, mbavu zianzie upande wa pili, mfupa ukitazama chini, na maji ya chumvi yanyunyizwe kwa shada la majani ya vitunguu. Aliyekuwa anageuzageuza nyama kama chapati alifukuzwa akakae na wageni. Baba watoto hadi leo hukaa na wageni. Nyumbani kwetu yeye ni mtu wa kachumbari, na anaikata vizuri, sina neno.

Sasa jiko. Urefu, uzito na rangi mtajionea dukani. Ni lile la kifuniko na magurudumu, nililolipia kwa pesa za chama baada ya kulitamani kwa miezi, kila nikipita naligusa. Siku ya kulizindua alikuja wifi yangu na mumewe kutoka Kisumu. Kilo nne za mbavu za mbuzi, na makaa ya mathenge kutoka Baringo, mazito, yanayokaa motoni. (Mathenge ndio ule mti uliong'oa mbuzi meno hadi watu wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Leo ndio unaomchoma.)

Nyama imekaa kama dakika kumi, naona moshi mweupe mzito ambao si wa mafuta. Moshi wa mafuta naujua, una harufu ya kuita majirani. Huu ulikuwa unakwaruza koo. Nikainua mbavu kwa koleo: wavu umepoteza mng'ao, umetoka unga mweupe, na unga ule umeshikana na nyama yangu. Nikaonja kipande cha pembeni. Kilikuwa kama kulamba funguo. Wifi, kwa adabu yake, akasema labda ni chumvi. Si chumvi! Kilo nne zikaenda shimoni, tukala mayai. Usiku ule nilitetemeka kama mwenye malaria, mdomoni ladha ya sarafu, asubuhi ikaisha yenyewe.

Kesho yake, au keshokutwa, nikaenda dukani. Kijana wa zamu hakuugusa wavu. Aliniangalia kuanzia viatu akaenda juu, akasema nimewasha vibaya, makaa mengi, "akina mama huwa wanawasha kama wanapika maharagwe." Nikamwambia nimechoma nyama kabla hajazaliwa. Ndipo akatoa ile ya kumleta mzee. Na mwenzake nyuma ya rafu akacheka! Kile kicheko ndicho kilichonitoa mle dukani, maana ningebaki ningesema maneno ambayo watu wa kanisani kwetu wangeyasikia kabla sijafika nyumbani.

Nilipitia kwa fundi mmoja wa jua kali anayelehemu milango. Hakuuliza mume wangu yuko wapi. Aliukwaruza wavu kwa msumari, akaunusa, akasema, "Mama, hii ni waya ya kufugia kuku." Chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu. Kwenye banda ni sawa kabisa. Zinki huyeyuka ikifika nyuzi 420 hivi, na makaa mekundu yaliyopepewa hupita hapo bila jasho. Moto ukizidi sana hutoa mvuke, na mvuke huo ukiuvuta unapata homa na baridi, ndiyo maana yeye na wenzake wakilehemu mabati hutafuta maziwa. Kama maziwa yanasaidia kweli, yeye mwenyewe alicheka, lakini hakosi pakiti yake. Akanitengenezea wavu wa nondo nyembamba zisizopakwa chochote, akaniambia niuchome mtupu mara mbili kisha niupake mafuta ya nyama.

Basi nilikuwa nimeamua nyota moja, na hiyo moja ni ya magurudumu.

Tatizo ni kwamba jiko lenyewe, na inaniuma kuandika hivi, ni zuri. Ni zuri sana. Tangu niweke wavu wa fundi nimechoma karibu kila Jumapili. Kifuniko kinazuia lile vumbi letu la alasiri ambalo kila mtu wa Nakuru amelitafuna na nyama. Ukibana matundu ya hewa, makaa yanatulia, na mkebe ambao pipa la baba lingeumaliza kabla ya kachumbari unafika hadi mtura, yaani ule utumbo uliojazwa nyama, na yanayobaki unayazima kwa kufunga tu, unayatumia tena. Mbavu zinatoka na ngozi inayolia kwenye meno. Baba angeliona angelizunguka mara tatu bila kusema kitu, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Kwa hivyo nyota nne. Hapana, tatu. Mtu aliyeunda mwili wa jiko kwa akili hivi aliwezaje kuweka waya ya kuku mahali pa nyama? Na mngekuwa na watoto wadogo pale wanavuta ule moshi? Nikikumbuka kile kicheko nyuma ya rafu narudi mbili. Ukilinunua, nenda na sumaku ya kujidanganya ukitaka, haitakusaidia, chuma ni chuma. Tazama kama wavu unang'aa rangi ya mabati mapya. Ukiwa hivyo, uache dukani, waambie wakupunguzie bei, kisha umtafute fundi.

Juzi jirani alikula kwangu akauliza jiko nimelinunua wapi, anataka la kwake kabla ya Krismasi. Nimemwambia tutaenda pamoja, sisi wawili, siku ambayo yule kijana yuko zamu. Mumewe nimeshamuahidi atakatakata vitunguu na baba watoto.