Kamusi ya Strong na neno livyatan: namba H3882 inakupa nini, inakunyima nini

Kamusi ya Kiebrania ya James Strong, inayolipa kila neno la Kiebrania cha Biblia namba yake yenye herufi H, ilitoka mwaka 1890, na sasa imo bure ndani ya programu nyingi za Biblia za kwenye simu. Tumeipima kwa neno moja gumu: livyatan, mnyama wa baharini ambaye Biblia ya Union Version humwita lewiathani katika Isaya 27:1, ila katika Ayubu 41:1 humwita mamba.

Hapo ndipo kamusi hii inapofaa kweli. Ukisoma Kiswahili peke yake hujui kwamba mamba yule na lewiathani ni neno lilelile. Fungua Isaya 27:1 katika toleo la Biblia lenye namba za Strong (mengi ni ya Kiingereza), gusa neno, itatokea H3882. Kisha tafuta namba yenyewe, si neno. Utaliona mara sita katika mistari mitano: Ayubu 3:8 na 41:1, Zaburi 74:14 na 104:26, na Isaya 27:1 mara mbili. Katika Biblia ya Kiebrania, Ayubu 41:1 ni 40:25. Usidhani mstari umepotea.

Kwa maana, Strong anasema ni mnyama aliyejisokota, yaani nyoka, hasa mamba au mnyama mwingine mkubwa wa baharini. Kujisokota tunakukubali: livyah, shada la kichwani katika Mithali 1:9, ni ndugu wa neno hili. Lakini "hasa mamba" hakusimami. Zaburi 74:14 inataja vichwa vyake, kwa wingi.

Sababu ya pengo hilo ni tarehe. Uchimbaji wa Ras Shamra, Syria, ulianza 1929, na vibao vya udongo vya Ugarit, mji wa kale uliofukuliwa hapo, vikamtaja Lotan, nyoka mkimbiaji, nyoka mwenye kujipinda, mwenye vichwa saba. Ni karibu maneno yaleyale ya Isaya. Strong hakuweza kuyajua, wala kamusi ya Brown, Driver na Briggs ya 1906. Kwa hilo unahitaji kamusi ya Koehler na Baumgartner, ambayo ni ya kulipia, na kwa anayefundisha inastahili gharama yake.

Mtego mbaya zaidi uko mwishoni mwa maelezo, kwenye orodha ya tafsiri: "leviathan", halafu neno la Kiingereza la maombolezo. Hiyo si maana ya pili. Strong aliorodhesha tu jinsi Biblia ya King James ilivyotafsiri, na katika Ayubu 3:8 wafasiri wake walilichukua neno kama kilio cha msiba. Anayejenga somo juu ya "lewiathani roho ya maombolezo" amejenga juu ya kosa hilo.

Usilichanganye pia na tannin, H8577, yule joka anayefunga mstari wa Isaya; katika Mwanzo 1:21 Union Version inamwita nyangumi. Na ukiliingiza livyatan kwenye programu ya kutafsiri ya kawaida, utapewa nyangumi vilevile, kwa kuwa ndiyo maana yake katika Kiebrania cha leo.