Hita ipi ya maji ununue? Anza na lita na nyuzi

Boksi la hita huandikwa mengi: inapasha haraka, inakula umeme kidogo. La kwanza huenda ni kweli. La pili, kama hita ni ya koili (waya unaopata moto kwa umeme), usilikubali kabla ya kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi.

Lita moja ya maji inahitaji kilojuli 4.2 hivi ili ipande nyuzi 1 ya Selsiasi, na yuniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo: lita × nyuzi zinazoongezeka × 1.16 = wati-saa. Gawa kwa 1,000 upate yuniti. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 45 ni 20 × 25 × 1.16 = 580, yaani yuniti 0.58. Hita ya wati 3,000 itaimaliza kwa dakika 12 hivi, ya wati 1,000 kwa dakika 35. Umeme utakaolipia ni uleule. Wati nyingi zinakupunguzia kungoja tu.

Kwa familia inayooga maji moto kila siku, mimi ninazipanga hivi.

Ya kwanza ni hita ya jua. Tangi la lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 linadai yuniti 4.6 hivi. Siku yenye jua zuri, sawa na saa 5 za wati 1,000 kwa kila mita mraba, paneli ya mita mraba 2 ikinasa nusu tu ya joto hilo inakupa yuniti 5. Hesabu imetoka. Siku za mawingu utahitaji koili ya akiba, na paa liweze kubeba tangi: maji hayo peke yake ni kilo 100.

Ya pili, pampu ya joto. Hii ndiyo pekee ya umeme inayostahili sifa ya kula kidogo, kwa sababu haitengenezi joto lote. Sehemu kubwa inalivuta kutoka hewani. Kwa yuniti 1 inaweza kukupa joto la yuniti 3, hivyo tangi lile lile linadai 1.5 hivi. Bei yake ya kununulia ni kubwa, na kwa mtu anayeishi peke yake sioni faida.

Ya tatu, hita ya bafuni ya papo hapo. Haihifadhi maji, basi hakuna joto linalopotea usiku. Ila soma wati zake kabla ya kulipa: zidisha kilowati kwa 14.3, gawa kwa nyuzi unazotaka kuongeza, utapata lita kwa dakika. Ya kilowati 5.5 ikiongeza nyuzi 20 inatoa lita 3.9 tu. Anayetaka maji yamwagike kama mvua atalalamika. Tena kwa volti 230 inavuta ampea 24, kwa hiyo waya wa soketi ya kawaida hautoshi. Mwite fundi avute laini yake yenyewe, na waya wa ardhi (earth) uwepo.

Tangi la umeme naliweka la nne. Si kwamba koili yake ni mbaya. Kasoro ni kwamba maji yanapoa bila mtu kuyatumia, kisha yanapashwa tena. Ukilazimika kulinunua, nunua dogo lenye gamba nene la kuzuia joto.

Mwisho kabisa, koili ya kuchovya kwenye ndoo. Kwa umeme haina ubadhirifu, karibu joto lote linaingia majini. Naishusha kwa hatari: ndoo ya chuma, mkono kwenye maji kabla ya kuchomoa plagi, watoto.

Birika la umeme halimo kwenye mashindano haya, ni la chai. Chagua lenye alama za lita zinazosomeka kwa nje. Kuchemsha lita 1.5 kutoka nyuzi 20 ni yuniti 0.14, na kama unataka kikombe kimoja tu, nyingi ya hizo zinapoa mezani.