Kipima udongo cha sindano mbili: kwa nyanya zangu za ndani, hapana

Nilinunua hiki kipima udongo kwa butike moja huku Birere, mtaa wa Goma, dola 12, kile cha sindano mbili bila betri, juu nyanya zangu za ndani ya mikebe pale dirishani zilikuwa zinageuka manjano. Unyevu kinapima vizuri. Lakini pH, ile namba ya kuonyesha kama udongo uko na asidi (chini ya 7) ao alkali (juu ya 7), hapana bandugu, mkebe wa kwanza 7, wa pili 7, wote 7! Nikachukua zile karatasi za kuchovya za kupima pH, nikakoroga udongo na maji ya mvua, nikaacha itulie, nikachovya: 8. Njo nikaelewa, nilikuwa namwagilia maji ya ziwa ya bidoni, na maji ya Kivu pH yake iko karibu na 9, sasa feri (madini ya chuma) iko ndani ya udongo lakini pH ikipanda hivyo mizizi haiwezi kuikamata. Na alama ya kukosa feri ilikuwa wazi kabisa, majani machanga ya juu manjano, mishipa kijani, ingekuwa ni kukosa azoti (nitrojeni) manjano ingeanza na majani ya zamani ya chini. Sasa natumia maji ya mvua, majani mapya yanatoka kijani, nafurahi sana. Karatasi mununue. Kwa kipima, muuzaji amekataa kunirudishia makuta.