Kipimo cha mimba cha kijiti: kizuri, ila kina masharti yake

Kwa dada wa Ujiji au Mwanga, mjini Kigoma, ambaye siku zake zimepita na hataki jirani ajue, kijiti cha mkojo ndicho cha kuanzia. Ni chembamba, bei yake nafuu, kinaingia mfukoni bila kuonekana. Ukimwonea haya muuzaji wa mtaani kwenu, nunua duka la dawa la mbali kidogo.

Angalia tarehe ya mwisho, na pakiti isiwe imetoboka, unyevu hukiharibu. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chovya upande wenye mishale bila kuvuka mstari wa kikomo, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha kilaze pakavu. Soma ndani ya dakika 5. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, mimba ipo. Mstari wa juu, ule wa upande wa kushikia, usipotokea, jibu halihesabiki. Kosa linalowatesa wengi ni kukitazama tena baada ya nusu saa: mkojo ukikauka huacha kivuli, mtu akalia bure.

Udhaifu wake ni kupima mapema au baada ya kunywa maji mengi. Homoni ya mimba, ambayo ndiyo kijiti huitafuta, huwa kidogo kwenye mkojo, jibu likadanganya kuwa mimba haipo. Rudia baada ya wiki. Wala hakitofautishi mimba iliyotunga nje ya kizazi. Ukipata maumivu makali ya tumbo au kutokwa damu, kimbia hospitali, hata siri ikivuja.

Mimba ikiwepo, anza kliniki kabla ya wiki ya 12, na omba kuzungumza na muuguzi faraghani. Mwanafunzi naye ajue kwamba Tanzania, tangu Novemba 2021, anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua.